Shati la Buluu Njiani Lambwe

Kitendawili! Wewe unayesoma huku umeegemea ukuta, itikia tega, usinitolee macho. Hana mdomo wala ulimi, lakini ukimwambia neno halisahau. Ukimkaza anakumbuka, ukimlegeza amesahau. Ni nani huyo?

Usiseme barua. Cephas alisema barua, akakosea. Akasema gazeti, akakosea tena. Na kwa vile tangu aoe hajawahi kushindwa kitendawili na mkewe hata akampa mji, akasema, "Ngoja nilale kidogo, asubuhi nitajibu." Usingizi huo ndio uliozaa mambo yote haya.

Mkewe aliitwa Phelesia. Cephas alimwita nyar Karungu, maana alikuwa binti wa Karungu, na kwetu mwanamke hubaki na jina la kwao hata apate wajukuu kwa mumewe. Yeye alimwita Baba Akinyi. Nyumba yao ilikuwa huku Macalder, kwenye mashimo ya wachimba dhahabu. Mwaka ulikuwa wa sitini na tano, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, mvua ilipotusahau kabisa na ng'ombe wakawa wanalamba kuta za nyumba kutafuta chumvi na unyevu.

Mwaka uliotangulia, dada yake Phelesia, Teresa, alishikwa na uchungu wa kuzaa mpaka siku ya pili bila mtoto kutoka. Wanaume wanane walimbeba kitandani kuelekea Homa Bay, wakipokezana mabega. Walipofika Magunga waligundua wanabeba maiti mbili. Tangu hapo Phelesia alikuwa na neno moja tu mdomoni: zahanati. Kila Jumapili baada ya mahubiri anasimama. "Zahanati yenye mkunga. Mnataka tubebe vitanda mpaka lini?"

Afisa wa maendeleo kule Homa Bay alisema, nionyesheni nyumba mia mbili zitakazotoa mikono yao, kuvunja mawe na kufyatua matofali, nami nitawatafutia fundi na mkunga. Mzee Simeon, mwenyekiti wa kanisa, akauliza ni nani atakayezunguka nchi yote ile, kutoka Masara hadi ziwani na hadi ng'ambo ya bonde, kiangazi hiki. Baiskeli ilikuwa moja kijijini, ya Cephas.

"Nitakwenda mimi na mke wangu," Cephas akasema.

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Utambeba mke kwenye keria kama gunia la muhogo?"

"Gunia la muhogo haliimbi," Cephas akajibu. "Huyu ataniimbia njiani."

Phelesia alikuwa amesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo kuandika alijua. Lakini alijua pia kwamba karatasi huliwa na mchwa, na wengi wa kuahidi hawajui kusoma walichoandikiwa. Akachukua kamba ndefu ya katani. Kila nyumba iliyokubali, mwenye nyumba alikuja mbele ya watu kanisani akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, kama wazee walivyokuwa wakifunga mafundo kuhesabu siku za safari. Baina ya kanisa na kanisa aliacha sehemu tupu, urefu wa kiganja. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba si yeye aliyeahidi. Kila mtu ana fundo lake, na analijua kama anavyomjua mbuzi wake.

Tena, ili watu wawatambue kuwa ni watu wa kazi moja, Phelesia alishona nguo za kitambaa kimoja, buluu iliyoiva, ile inayokaribia weusi, kama sare ya akina mama wa kanisa. Gauni lake na shati la mumewe. Cephas alilipenda shati lile. Usiku linafuliwa, asubuhi analivaa bado bichi. Wiki ya kwanza walipita ukingoni mwa bonde la Lambwe, kwenye makanisa ya vilimani, na mbung'o waliwafuata wakilia masikioni kama nyuzi zinazovutwa. Walimuuma Cephas mkononi pakavimba, pakafanya jipu. Phelesia akalitumbua kwa mwiba, akapaka mafuta ya samli, wakaendelea na safari.

Wakateremka ziwani, Karungu yote, kisha wakapanda mpaka Magunga. Siku ishirini na tatu barabarani. Watu hawakuwa na chakula, lakini walifunga mafundo, na wachache wakatoa hata kuku au chungu, vikaning'inizwa kwenye usukani. Jioni ile Magunga kamba ilikuwa na mafundo mia mbili na matatu. Kilichobaki ni kuvuka bonde tu mpaka Homa Bay, wamwonyeshe afisa. Phelesia alifurahi mpaka akatega kitendawili kile nilichokutegea wewe. Mumewe akalala katikati ya jibu.

Asubuhi hakuamka.

"Baba Akinyi, jua limetoka."

"Mm."

"Baba Akinyi! Ulikunywa pombe ya wenyeji?"

"Sikunywa." Akaketi, akafumba macho tena akiwa ameketi. "Kichwa kinaniuma tangu Karungu. Twende."

Phelesia hakulitilia maanani neno lile, tangu Karungu. Alikuwa na haraka. Alimtania, "Mwanaume mzima analala kama kuku mwenye kideri. Nipe mji basi, umeshindwa."

"Sikupi mji. Nitajibu njiani."

Huko ng'ambo ya Magunga njia huingia nyikani. Mwaka ule hapakuwa na jani la kijani isipokuwa miti ya utomvu waliyoipanda watu kuzungushia maboma yao, na maboma yenyewe yalikuwa matupu, maana watu walihama kukimbia ugonjwa wa bonde. Udongo ulikuwa umepasuka, mpasuko wa kuingia mkono. Cephas alikanyaga pedeli polepole, Phelesia nyuma kwenye keria na kamba imeviringishwa begani mwake. Akahisi baiskeli inapepesuka kushoto. Akapepesuka nayo. Kisha wote wawili wakawa kwenye miiba.

Cephas hakulalamika wala hakuinuka. Alikuwa amelala pale pale, shavu kwenye vumbi, anakoroma.

Hapo ndipo Phelesia alipoacha kumtania.

Akamtingisha, akamsimamisha, wakatembea. Tairi la nyuma lilikuwa limetobolewa na miiba mahali patatu, na gundi ya kubandikia viraka ilikwisha Karungu. Wakafika kizuizini wakiburuta baiskeli. Kizuizi ni mti uliolazwa njiani, kibanda, na mtu mwenye wavu wa kunasa mbung'o juu ya wapita njia, ili wasiwachukue wadudu kwenda nao upande wa pili. Mtu huyo aliitwa Mokaya, Mkisii wa makamo, mguu mmoja mbovu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kukutana njiani.

"Simama hapo mama. Geuka. Geuka tena." Akawapitishia wavu mgongoni, akanasa, akaua kwa kidole. Kisha akaacha. "Mungu wangu. Nani alishona hii nguo?"

"Mimi."

"Mama, mbung'o anapenda buluu namna hii kushinda damu yenyewe! Mimi kwa hii kazi miaka nane. Mwenye nguo nyeupe anapita na wawili mgongoni. Mwenye hii anapita na harusi nzima." Akamwangalia Cephas, ambaye alikuwa amechuchumaa na kichwa kimeangukia magotini. "Huyu analala mchana?"

Mokaya akainama kwa shida, akampapasa Cephas nyuma ya shingo, kama mtu anayepapasa parachichi kama limeiva.

"Weka mkono hapa."

Phelesia akaweka. Chini ya ngozi kulikuwa na tezi, ngumu, tatu nne, kama punje za mahindi. Akakumbuka jipu la mkononi. Akakumbuka mwiba alioutumia, na jinsi alivyojisifu kwa wenyeji kuwa ni daktari. Akakumbuka tangu Karungu.

"Ni ule ugonjwa wa malale," akasema.

"Ni huo. Magunga hakuna dawa yake. Sindano iko Homa Bay peke yake. Na huu wa hapa kwetu haungoji miezi, mama. Huu unakimbia. Akilala usingizi ule wa kutoamka, umechelewa."

"Gari?"

"Gari ya wakubwa inapita Alhamisi. Leo ni Jumatatu." Mokaya akajikuna kidevu. "Mimi nitarudi Magunga na hii mguu yangu nitafute lori. Lakini wewe usikae kungoja mimi. Lori ni bahati, na bahati leo sioni."

Akawapa debe dogo la maji, lote alilokuwa nalo. Akamwambia Phelesia avue gauni lile, naye akalivua bila kuona haya, akabaki na shimizi yake nyeupe ya ndani. Wakamvua Cephas shati. Mokaya akazitia nguo zote mbili kwenye moto wake wa chai, na Phelesia akasimama akaangalia kazi ya sindano yake ikiungua, mshono kwa mshono.

"Tairi je?" akauliza.

"Jaza nyasi. Hujui? Nyasi kavu, kaza sana."

Cephas akafungua jicho moja. "Ajaze... kwa mti. Asukume kwa mti," akasema, kwa sauti ya mtu aliye mbali. Mambo ya baiskeli yeye ndiye aliyemfundisha mkewe. Phelesia akatoa tyubu, akashindilia nyasi ndani ya tairi kwa kijiti mpaka vidole vikachubuka. Vitu vingine vyote walivyopewa kwa zahanati, kuku wawili, vyungu, kibuyu cha mafuta, akamwachia Mokaya. Sasa mzigo ni mmoja.

Wakamketisha Cephas kwenye keria, kifua kimeegemea siti. Alikuwa anateleza kama ugali wa maji. Kamba nyingine haikuwepo. Phelesia aliitazama ile ya begani mwake, nyumba mia mbili na tatu, akamtazama mumewe.

"Ninyi nyote mliahidi kusaidia," akaiambia kamba. "Anzeni sasa."

Akamzungushia kifuani, mgongoni, chini ya siti, tena kifuani, na mafundo yakamkaza mwilini moja baada ya jingine. Akasukuma.

Umewahi kusukuma baiskeli yenye tairi la nyasi, na mwanaume mzima juu yake, kwenye mchanga? Basi usiniulize ilikuwaje. Hatua kumi, anapumzika. Hatua kumi, anapumzika. Jua lilikuwa linapiga kutoka juu na ardhi inalirudisha kutoka chini. Maji alimpa Cephas kwa kifuniko, yeye alilowesha midomo tu. Na kila kichwa cha Cephas kilipoinama, alimpigia kelele.

"Kitendawili!"

"...Tega."

"Nyumba yangu kubwa, mlango wake mdogo kama wa panya."

"Chupa. Hicho cha watoto, nyar Karungu."

"Haya! Kile cha jana?"

Kichwa cha Cephas kikainama tena.

"Hana mdomo wala ulimi, lakini neno halisahau. Jibu!"

"Barua."

"Si barua, nimekwambia si barua! Fikiri."

Alikuwa anataka afikiri. Mtu anayefikiri halali. Walipita boma tupu, la pili, la tatu. Kwenye moja kulikuwa na kinu kimeachwa mlangoni na mchi ndani yake, kana kwamba mwenyewe ameingia ndani kuchukua chumvi. Phelesia hakugeuza macho huko mara mbili. Alipofika mto, mto haukuwepo, ni mchanga mweupe tu na nyayo za nyati. Akapiga magoti akachimba kwa mikono mpaka kwapani. Yalitoka matone ya matope. Akayachuja kwa pindo la shimizi, akapata nusu kifuniko.

"Kunywa."

Cephas hakufungua mdomo. Macho yake yalikuwa wazi kidogo, meupe. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema tangu siku ya mahari.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Phelesia alikiteremsha kifuniko cha maji.

"Mji gani?" akauliza, kwa sababu ulimi ulizoea.

"Chukua Homa Bay. Nenda nao. Peleka kamba, uniache hapa kivulini."

"Sitaki!" Akampiga kofi, mke akampiga mumewe kofi, na walionisimulia haya hawakuona aibu kulisema. "Sipokei mji! Nilikuuliza kitendawili, sikukuuliza mji. Homa Bay tunaingia wote au haiingii mtu. Kivuli gani unachokiona wewe? Jibu swali!"

"Nyar Karungu, umekuwa mkali."

"Nimekuwa mkali kwa sababu nilikushonea kifo nikakiwekea vifungo. Kunywa!"

Akanywa.

Usiku wake sitausema sana. Walilala ndani ya boma moja lililoachwa, yeye ameegemeza mgongo mlangoni, mkono wake kwenye pua ya mumewe kuhesabu pumzi, na nyati walipita nje kama watu wanaoburuta magunia. Kulipopambazuka akasukuma tena. Lori la Mokaya halikutokea. Mpaka leo sijui kama alilipata au mguu ulimshinda, ila najua kuwa alijaribu.

Siku ya pili Cephas hakuitika tena tega. Phelesia alitega vitendawili vyote alivyofundishwa na bibi yake, na akajijibu mwenyewe, na alipovimaliza akataja majina ya mafundo. Fundo la Dishon wa Masara, aliyefunga kwa mkono wa kushoto. Fundo la mjane wa Karungu aliyesema mimi sina nguvu lakini nina nyundo. Aliyataja kwa sauti, hatua kwa jina, jina kwa hatua, na hivyo ndivyo alivyopanda kilima cha mwisho. Juu ya kilima aliliona ziwa. Akaketi chini akalia kidogo, kisha akaona kuwa kulia kunapoteza maji, akaacha.

Aliingia Homa Bay saa nane mchana akiwa na shimizi iliyochanika, nywele zina vumbi, anasukuma mwanaume kifua wazi aliyefungwa kwa kamba kama mbuzi wa mnada. Watu sokoni walidhani ni mwizi amekamatwa. Mmoja akapaza sauti, "Ameiba nini?" Hemed, mwenye duka la vitambaa, alikuwa mlangoni anapima kitambaa. Alimtazama Phelesia mara moja tu. Akaacha mteja wake, akachukua shuka jeupe kutoka rafuni, akaja akamfunika mabega bila kuuliza bei wala habari, akashika usukani upande wa pili.

"Hospitali, dada?"

"Hospitali."

"Haya. Sukuma."

Pale hospitali nesi Priscah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alikuja na mkasi. Mafundo ya kufungia yalikuwa yameloa jasho na kukaza, hayafunguki hata kwa meno.

"Usikate!" Phelesia akamshika mkono.

"Mama, mgonjwa anakufa na wewe unahurumia kamba?"

"Hizo ni nyumba za watu." Vidole vyake vikatembea juu ya kamba, haraka haraka, mpaka vikapata sehemu tupu baina ya kanisa la Karungu na la Magunga, urefu wa kiganja. "Kata hapa. Hapa hapana mtu."

Priscah akamtazama, akakata pale pale.

Wakampokea Cephas wakampeleka ndani. Daktari akachukua damu, akatazama kwenye chombo chake, akatikisa kichwa. Sindano ya kwanza siku hiyo. Ya pili baada yake. Alisema, "Tungempata kesho, nisingewaahidi chochote. Na leo pia siwaahidi." Phelesia alikaa chini ya dirisha siku nane. Hakuomba tena kwa maneno, alikuwa ameyamaliza njiani. Afisa wa maendeleo alikuja akaishika ile kamba, vipande viwili, akapitisha kidole chake juu ya kila fundo mpaka mwisho, akaondoka bila kusema zaidi ya "Nimeona, mama." Phelesia alizitundika kamba kwenye chuma cha kitanda. Zahanati ilikuwa imesogea karibu, lakini angempa mtu yeyote zahanati ile na mji juu yake, kama mtu huyo angemfungulia macho aliyelala.

Siku ya tisa, asubuhi, Priscah alikuwa anabadilisha shuka. Kifuani mwa Cephas kulikuwa na alama, safu ya vidonda vidogo vya mviringo, vimeanza kukauka, kutoka bega hadi mbavuni. Mkono wake ukainuka polepole. Kidole kikagusa alama ya kwanza. Kikagusa ya pili. Kikaenda hivyo, moja moja, kama mtu anayesoma gizani.

Phelesia akainuka pale chini ya dirisha, akasogea.

"Nyar Karungu."

"Naam, Baba Akinyi."

"Si barua."

"Si barua."

"Wala gazeti."

"Wala gazeti."

Alifungua macho, akaitazama kamba kwenye chuma cha kitanda, kisha akamtazama mkewe, na kidole chake kilikuwa bado juu ya kifua.

"Ni fundo," akasema.